Maiki Ndani ya Nywele

Bi Lenzi alikuwa anasaga kingo za lenzi ya miwani ya mteja mwenye jicho moja bovu pale mumewe alipompigia simu kumwambia kanda imepatikana. Hakuuliza kanda gani. Nyumbani kwao kulikuwa na kanda ukutani, kanda chini ya kitanda, na kanda ndani ya kabati ambalo watu wengine huwekea vyombo, lakini iliyoitwa kanda bila kuongezwa neno ilikuwa moja tu. Alizima mashine, akaiinua lenzi kwenye mwanga, akaona imeingia mkwaruzo. Akaitupa, akaanza nyingine.

"Wageni wanakuja jioni," mumewe alisema. "Pitia dukani ulete biskuti. Zile laini. Sitaki watu watafune kwa kelele."

Bi Lenzi ni jina la kazini. Marafiki wa mumewe walimwita Shemeji, dada wa mumewe alimwita wifi, na watoto wa mtaani walimwita shangazi. Mtaa mzima ulikuwa na kina mama fulani na fulani, yeye akawa na majina mengine yote isipokuwa hilo.

Mumewe naye watu wote walimwita Kaseti, hata mama yake mzazi. Riziki yake aliipata kwa kusoma mita za umeme, ila akili yake ilikuwa kwenye kurekodi matamasha kwa siri. Alikuwa mtu wa kukutajia nani alikohoa katika tamasha gani, na asikumbuke mkewe ana mzio wa karanga.

Kanda yenyewe ilirekodiwa zamani, walipokuwa bado vijana, siku ile bendi ya roki ya watu wanne wenye nywele ndefu ilipofika mjini kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Walipiga kwenye uwanja wa mpira. Mpiga gitaa alikung'uta solo ndefu kuliko aliyowahi kupiga kokote, zaidi ya robo saa, na waliokuwepo wamekuwa wakiisimulia na kuitia chumvi hadi leo. Getini walinzi walikagua mikoba, makoti na hata viatu, wakitafuta rekoda. Kaseti alikuwa amewapiga bao. Alimpeleka mkewe kwa dada yake, ambaye ni msusi, akamsuka nywele za kupanda juu na kuizika maiki katikati, imegandamizwa kwenye ngozi ya kichwa isionekane. Waya ukashuka nyuma ya shingo ndani ya gauni. Rekoda ikafungwa kwa kitambaa chini ya tumbo, kwa sababu tumbo lilikuwa na mimba iliyokwisha kuonekana, na hakuna mlinzi wa kumpapasa mjamzito.

Masharti yalikuwa mepesi kwa anayeyatoa. Asipige makofi, asiimbe, asikohoe, asigeuze kichwa. Wala bendi hiyo haikuwa ya Kaseti. Bi Lenzi ndiye aliyeipenda kwanza, na kanda ya kwanza ya bendi hiyo kuingia katika nyumba yao alikuja nayo yeye alipoolewa.

Siku ileile mimba ilitoka. Bi Lenzi alipotoka hospitali alikuta hadithi imekwisha kupikwa na kupakuliwa: alipanda stuli kutundika mapazia, akaanguka. Kaseti ndiye aliyeisema. Wifi, aliyezisuka zile nywele kwa vidole vyake mwenyewe, alisema stuli aliiona kwa macho. Bi Lenzi alikana mpaka akachoka. Mimba nyingine haikuja. Tangu hapo mama mkwe akiingia kwa mwanawe huyatazama mapazia kwanza, ndipo amsalimu mkwe wake, na siku nyingine huishia kwenye mapazia.

Kanda nayo aliiazima rafiki mmoja kwa siku moja, kisha akasema imepotea wakati wa kuhama. Yeye na Kaseti hawakuamkiana hadi rafiki huyo alipokufa. Sasa watoto wake walikuwa wanaondoa vitu nyumbani, wakaikuta ndani ya sanduku la viatu, imeandikwa "Hotuba za ufugaji wa nyuki". Wakairudisha.

Wageni walikuwa wawili. Mmoja ni Fundi, mwenye studio ya kurekodi matangazo ya biashara, mwingine ni mzee anayekusanya sahani za santuri, ambaye huzishika kwa glavu na hamshiki mkono mtu yeyote. Fundi alipangusa kichwa cha deki ya kuchezea kanda kwa pamba na spiriti. Alisema kanda imechakaa, unga wake unapukutika, itacheza mara hii moja huku kompyuta ikinakili, halafu basi.

Kelele za uwanja zikajaa sebuleni. Ngoma, besi, kisha gitaa. Kaseti akafumba macho. Halafu, karibu kuliko ngoma, sauti ya mwanamke kijana ikasema: Viatu hivi vinanibana.

Wanaume wakamgeukia Bi Lenzi, aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani ya biskuti.

"Nani huyo anaongea?" mzee wa santuri aliuliza.

"Hakuna anayeongea," alisema. "Hapo nilikuwa nawaza."

Fundi akatikisa kichwa kukubali. "Maiki ikigusa fuvu hunasa na kinachopita ndani. Hasa zile za zamani. Hazikuwa na kichujio."

"Kweli," mzee alisema. "Mimi nina moja ya jazi, jamaa anawaza kama amefunga mlango wa nyumba, toka mwanzo mpaka mwisho. Imeharibika kabisa."

"Shemeji nawe," Fundi alisema. "Ungewaza hata polepole."

Waliendelea kusikiliza. Mawazo ya Bi Lenzi yalikuwa ya furaha kwanza. Mpiga besi ana miguu kama ya korongo. Jamani, wimbo wangu huu! Akauimba kichwani wote, na ubeti wa pili, ambao mwimbaji mwenyewe aliusahau jukwaani, yeye aliupata. Mzee wa santuri alikunja uso. Baadaye wazo likaja: Hiki kitambaa kimebana. Baadaye tena: Si kitambaa.

Kisha ikasikika sauti yake ya mdomoni, ya kunong'ona. "Twende. Naumwa."

Na sauti ya Kaseti, changa na kali: "Tulia. Usigeuze kichwa."

"Naumwa kweli."

"Wimbo ujao ndio wenyewe. Nimekwambia tulia."

Kaseti akafumbua macho, akayaelekeza kwenye deki, asimtazame mkewe.

Solo ikaanza. Ilikuwa nzuri kama watu walivyosimulia, hakuna wa kubisha. Na juu yake, kwa muda wote huo wa robo saa na ushei, Bi Lenzi kijana aliongea na tumbo lake. Mwanangu, vumilia. Baba yako anarekodi. Ukitulia nami nitatulia. Nikipiga yowe ataniacha hapahapa, namjua. Namchukia mtu huyu. Mungu wangu, namchukia. Wewe vumilia tu, usinisikilize mimi. Gitaa likapanda, likazidi kupanda, likafika mahali ambapo watu hawakuweza tena kujizuia, wakalipuka kwa shangwe uwanja mzima. Chini ya shangwe hiyo akawaza: Ameondoka.

Kutoka hapo hakuwaza tena chochote. Wimbo wa mwisho ulipita mtupu, makofi yakapita, na mwisho kabisa ikasikika sauti ya Kaseti ikicheka kwa furaha. "Tumeipata!"

Fundi alizima deki. Hakuna aliyegusa biskuti.

"Inafunika solo," mzee wa santuri alisema.

"Hasa pale katikati," alisema Kaseti.

"Inatoka," Fundi alisema. "Nipeni siku chache."

Wageni walipokwisha kuondoka, Bi Lenzi alikusanya vikombe kwa kelele kuliko ilivyohitajika.

"Umesikia," alisema.

"Nimesikia. Ulikuwa unanichukia."

"Hicho tu ndicho ulichosikia?"

"Kumbe miaka yote hii ninalala na mtu anayenichukia." Alikuwa ameumia kwelikweli, na jambo hilo lilimchoma Bi Lenzi kuliko kama angekana.

"Nilikwambia twende."

"Ulinong'ona."

"Si wewe uliyenikataza kupaza sauti?"

"Hata kunong'ona kuna namna. Ungenong'ona kama mtu anayeumwa."

Aliviweka vikombe chini kabla hajamrushia kimoja. Alimwambia anataka jambo moja tu. Mama mkwe alikuwa mgonjwa, hatoki tena kitandani, na kila aliyemwona alijua hana siku nyingi. Kabla hawajamfuta kwenye rekodi, mama asikie. Na wifi asikie. Mama asife akiamini habari za stuli.

"Mama hapendi roki," Kaseti alisema, akaenda kulala.

Siku kadhaa baadaye, saa ya chakula cha mchana, Bi Lenzi alimfuata Fundi studio. Rekodi ilikuwa imetandazwa kwenye kioo cha kompyuta kwa mistari ya rangi. Alimwomba nakala nzima, pamoja na mawazo.

"Kaseti ameruhusu?"

"Mawazo ni yangu."

"Mawazo ni yako, Shemeji, sikatai. Lakini kanda ni yake." Alisema kwa upole, kama daktari anayekataa kukuandikia dawa. "Tena nimekwisha kukuondoa."

"Nimekwenda wapi?"

"Nikiondoa kitu hakipotei. Kinabaki pembeni, takataka. Kaseti hakunipa agizo lolote kuhusu takataka." Akachomoa flashi na kumpa. "Umo humo mzima. Na kule kunong'onezana kwenu pia nimekutoa, kulikuwa kunakera. Kazi imenitoa jasho. Na bado kuna mmoja amenishinda."

"Mmoja nani?"

"Kuna mtu mwingine chini yako. Mdogo. Hawazi maneno, analifuata gitaa. Kila noti anaishika, nyuma kidogo tu, halafu kama anacheka. Nadhani ni ule waya ulivyopita, au rekoda ilivyokaa hapo chini. Sasa ameingia kwenye solo kabisa, nikimtoa anatoka na gitaa lote. Nimemwacha."

Bi Lenzi alivuta kiti karibu na kompyuta. Alisema anataka kumsikia.

"Hapo utaniponza. Kaseti amesema asisikie mtu kabla yake."

"Fundi. Ni mwanangu."

"Najua, Shemeji," alisema, akaizima kompyuta.

Alitamani kumng'oa macho. Badala yake alirudi kazini akasaga lenzi jozi mbili, kisha akaomba ruhusa, akaenda kwa mama mkwe na ile flashi aliyokuwa nayo.

Wifi ndiye aliyefungua mlango. Damu zao hazikupatana tangu arusini, na siku hiyo hakujisumbua hata kujifanya. "Leo umepotea njia," alisema. Bi Lenzi alipita, akamsalimu mama mkwe, akauliza hali yake, akajibiwa kwamba hali wanaijua wanaokuja kuiuliza. Akachomeka flashi kwenye redio ya saluni ya wifi, akaiweka kwenye kiti karibu na kitanda.

Bila bendi, sauti yake ilikuwa peke yake, na kati ya wazo na wazo palikuwa na ukimya mkavu. Viatu hivi vinanibana. Mama mkwe alisema redio iongezwe. Wakasikia yote: kitambaa, kunong'ona, "Nimekwambia tulia" ya Kaseti, ambayo mama yake aliitambua na kutabasamu kidogo kwa jinsi ilivyokuwa changa. Wakasikia solo isiyo na gitaa, mwanamke anamwomba mtoto avumilie. Wakasikia Ameondoka. Bi Lenzi aliiacha redio iendelee kimya mpaka mwisho, kwa kuwa aliogopa kuinua uso.

"Nywele zilishika," wifi alisema. "Muda wote huo, na hazikulegea."

"Wifi, wewe ulijua."

"Nilijua nini? Mimi nilisuka."

"Ulisema uliona stuli."

"Stuli si ilikuwepo? Kila nyumba ina stuli."

Mama mkwe aliinua mkono wanyamaze. Aliukuta mkono wa Bi Lenzi juu ya shuka, akaushika, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya mazishi yasiyokuwa na kaburi. Mkono wake ulikuwa wa moto.

"Kwa hiyo hakukuwa na mapazia."

"Hakukuwa, mama."

"Hukupanda mahali."

"Sikupanda, mama. Nilikuwa nimekaa. Nilikaa kimya kama nilivyoambiwa."

Bi Lenzi alihisi kitu kinamfunguka kifuani, akajilaumu kwa kumsema vibaya mama huyu moyoni miaka yote hiyo. Alikuwa tayari kumsamehe kabla hajaombwa.

"Lakini ile chuki nimeisikia," mama mkwe alisema. "Mtoto yuko tumboni, mama yake anamwambia namchukia baba yako. Atakaa vipi? Hata mimi ningeondoka."

"Ndiyo hapo sasa," wifi alisema.

"Mama, maumivu yalianza kwanza. Chuki ilikuja baadaye. Si umesikia vilivyofuatana?"

"Vilivyofuatana sijui. Masikio yangu ya kizee." Akauachia mkono, akajigeuza upande wa ukuta. "Afadhali yangekuwa mapazia. Mapazia ni ajali."

Bi Lenzi akachomoa flashi. Mlangoni wifi alimwuliza kama atarudi kusuka mwisho wa mwezi, maana nafasi zinajaa.

Rekodi iliyosafishwa Kaseti aliisambaza kwa wapenzi wa kanda kila mahali. Jumbe zilimiminika. Watu waliandika kwamba wamelia, kwamba wameisubiri maisha yao yote. Zaidi ya yote walisifu sauti nyembamba iliyopanda pamoja na gitaa katika solo, wakabishana kama ni mwangwi wa uwanja au mpiga gitaa ana ufundi ambao hajamwambia mtu. Kaseti aliwajibu kwamba ni suala la kujua mahali pa kuweka maiki. Fundi alikuwa amemweleza ile sauti ni ya nani, naye akaipokea habari hiyo kwa utulivu. Mkewe ndiye aliyemletea tena, mezani.

"Unajua yule ni nani."

"Najua. Na wewe umeambiwa alivyokuwa anafurahia," Kaseti alisema. "Ningemtoaje pale?"

Alimruhusu asikilize Jumamosi mchana, wageni walipokuja. Bi Lenzi aliketi kwenye kiti cha karibu na spika na hakuleta biskuti. Mtoto alikuwa kama Fundi alivyosema. Alilikimbilia gitaa, akalipoteza, akalipata tena kwa kicheko kidogo. Alikuwa na sikio zuri, kama la mama yake. Uwanja wote ule wa watu, na hakuna aliyeifurahia solo kama yeye, na Bi Lenzi alilia waziwazi mbele ya wanaume, nao wakamwashiria asilie kwa sauti.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Jumamosi moja hakukuwa na wageni, na Kaseti alikuwa uani anaosha baiskeli, spika zikipiga solo kwa ajili yake huko nje. Bi Lenzi akaleta redio ndogo ya jikoni, akachomeka flashi yake, akawa anatafuta mahali pa kuzioanisha rekodi mbili. Mara ya kwanza hazikulingana. Mara ya pili zikapishana kidogo. Mara ya tatu, pale gitaa lilipoanza kupanda, mawazo yake yakaangukia mahali pake sawasawa. Mwanangu, vumilia.

Sauti nyembamba ikaliacha gitaa. Ikatulia kidogo, ikageuka, ikaanza kumfuata yeye, neno kwa neno, nyuma kidogo tu, kama ilivyokuwa inafuata noti. Gitaa likaendelea peke yake huko juu, limepwaya. Nitatulia, akawaza Bi Lenzi kijana, na mtoto akaimba nitatulia, bila maneno.

Kaseti aliingia na sabuni mikononi. "Kuna kitu hakipo kwenye solo," alisema. Akaiona redio ya jikoni, akachomoa flashi, akaitia mfukoni mwa suruali iliyolowa.

"Unaiharibu," alisema.

Mtoto alihangaika kidogo, kisha akalipata gitaa tena. Kaseti akajifuta mikono, akaketi, akaongeza sauti, kwa kuwa sehemu yenyewe ilikuwa imekaribia. Bi Lenzi alibaki amesimama katikati ya sebule. Alimtazama mumewe, akawaza yote aliyotaka kuwaza juu yake, na hakukuwa na chombo chochote cha kuyanasa. Gitaa likapanda, sauti nyembamba ikapanda nalo, ikafika juu kabisa, ikakatika. Uwanja mzima ukalipuka kwa makofi, na Kaseti naye akapiga.